Wiki ya 11 darasa la ngoma, mwili bado unafuata nyuma kama mkia. Mliopita hapa mlifanyaje?

kiuno_mbao (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, leo imebidi nifungue mdomo.

Iko hivi, wiki 11 zilizopita nilijiunga na darasa la ngoma za Kiafrika, haya ya jamii ambayo yeyote anaingia, hakuna mchujo wala nini. Kuna vijana, kuna mama wastaafu, kuna kaka anakuja na mtoto anamlaza pembeni kwenye mkeka na mtoto halali, anatuangalia tu na kucheka. Ukumbi mkubwa, sakafu ya mbao, wapiga ngoma wanne wamekaa ukutani, na mwalimu ni dada mmoja ambaye sijui kama ana mifupa. Nilienda kwa sababu nimekuwa mtu wa kukaa mno, kukimbia sikupendi, nikajiambia kucheza nani hajui, kwani harusini huwa sichezi?

Kumbe harusini huwa natembea tu huku nimenyoosha kidole juu.

Siku ya kwanza tulipasha mwili joto dakika 20, mimi nikajua ndo darasa lenyewe hilo, nikaanza kutafuta taulo. Mwalimu akasema haya, sasa tuanze. Jamani. Tunapangwa wanne wanne, mnavuka ukumbi kuelekea kwenye ngoma, mguu unakanyaga hivi, bega linaenda kule, kifua kinafunguka na kufunga, mikono inarusha kitu hewani. Kila kipande peke yake nakiona na nakiweza. Nikiviunganisha mwili unaniambia chagua kimoja.

Ila shida yangu kubwa siyo hiyo, shida ni ile ishara ya kubadilisha stepu. Mpiga ngoma mkuu anachomoa mdundo fulani wa haraka, wenzangu wote wanabadilika, mimi nabadilika wakishafika mbali. Naishi kwa kuangalia miguu ya jirani. Juzi niligeuka peke yangu nikakutana na mstari mzima uso kwa uso. Nahesabu moja mbili tatu nne mpaka nane kama nilivyozoea kuona kwenye video na ndo kwanza inazidi kuharibika.

Halafu kuna siku mwalimu alitangaza "leo tunacheza kuku". Mimi na mama mmoja tukaanza kupiga mbawa pale. Kumbe Kuku ni jina la ngoma ya Guinea huko, haina uhusiano wowote na jogoo. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile.

Pumzi nayo dakika ya 40 inakuwa imeisha. Nimekaribia kuacha kwa kweli, ila nikikosa wiki moja najikuta nagonga meza kwa vidole. Mliopita hapa mlifanyaje? Naomba kuwasilisha.


jasho_la_bure

Wiki 11 bado unaangalia miguu ya jirani? Mkuu kipaji hakipo hapo, drafti nayo ni mchezo mzuri tu.

(Ya kuku nimecheka mpaka nimeamsha watu)


kibwebwe

Pole kiuno_mbao, usimsikilize huyo wa drafti. Mimi mwaka wa tatu huu na miezi minne ya mwanzo nilikuwa kama wewe, tena mimi nilikuwa nalia kwenye gari kabisa.

Swali moja, kwenye ukumbi wenu kuna kioo? Kama kipo, hama, simama sehemu ambayo hujioni. Mimi kioo ndo kilikuwa kinaniharibia maana nilikuwa nasubiri kujiona nimefanya ndo nifanye kinachofuata, na ule muda wa kujiangalia ndo muda wenyewe ambao stepu inakupita. Kumwangalia jirani vilevile, yeye mwenyewe amechelewa kidogo, wewe unachelewa juu ya kuchelewa kwake.

La pili na hili nalisema kwa upendo, nina hakika umesimama wima. Wote tunaanza wima. Kunja magoti, egemea mbele kuanzia nyonga, mgongo usipinde, kama mtu anayepanda mpunga ila kichwa kiko juu. Ukiwa chini hivyo utashangaa kiuno kinaanza kwenda chenyewe, maana uzito ukihama kutoka mguu huu kwenda ule na magoti yako laini kiuno hakina pa kukaa, lazima kiende. Wanaokikata kwa kukilazimisha wakiwa wima ndo kesho yake wanatembea wameshika ukuta.


ngozi_kavu

Mleta uzi, mimi niko upande wa pili, ni mmoja wa hao wanaokaa ukutani. Mwaka wa 9 napigia madarasa ya namna hii na sura yako naijua hata kama sijawahi kukuona, kila darasa linaye.

Ngoja nikueleze wito, yaani hiyo ishara ya kubadilisha stepu. Wito ni kubisha hodi, siyo kuingia. Mtu akibisha hodi una muda wa kuvaa shati. Mimi wa djembe, ile ngoma ya kupigwa kwa mikono mitupu, nikipiga ule mdundo wa ishara namaanisha "malizieni mlichonacho, kinachofuata kinaanza nikinyamaza". Una sentensi nzima mbele yako. Wewe unachofanya ni kusikia hodi ya kwanza ukaruka dirishani, au hukusikia kabisa ukaja kustuka watu wameshakaa sebuleni.

Na madarasa mengi yanayofuata mtindo wa Guinea na Mali wito ni uleule au unafanana sana kutoka wiki hadi wiki. Kwa hiyo usijifunze kwa miguu kwanza, jifunze kwa mdomo. Ukienda darasani tulia pembeni dakika tano, usicheze, sikiliza wakipasha ngoma, urudie wito kwa mdomo mpaka uuimbe bila kufikiria. Muulize hata mpigaji akupigie mara tatu, hakuna mpigaji atakayekataa, sisi kuulizwa tunapenda sana ila watu wanatuona kama spika.

Sasa kuhesabu. Ni hivi. Midundo mingi ya huko kila pigo limegawanyika mara tatu, mapigo manne ukiyagawa tatu tatu unapata 12. Wewe kwenye kichwa unagawa mara mbili mbili, "moja na, mbili na". Hizo "na" zako zinaangukia kwenye nyufa, mahali ambapo hakuna ngoma inayolia, ndo maana unahisi sakafu inakimbia. Fanya hili ukiwa umekaa: hesabu mpaka 6 kwa mwendo mmoja, mkono wa kulia upige meza kwenye 1, 3 na 5, wa kushoto kwenye 1 na 4. Rudia rudia. Mara ya kwanza utachanganyikiwa, siku ya tatu itaanza kujiimba yenyewe, na siku itakapojiimba utasikia kitu ambacho hujawahi kukisikia ukumbini ingawa kilikuwepo kila wiki.

Jambo jingine, usisikilize djembe peke yake. Djembe ndo inayopiga kelele, ina lile kofi kali la pembeni linakata masikio, kila mtu anaifuata. Lakini angalia zile ngoma za pipa zinazopigwa kwa kijiti, mara nyingi zina kengele ya chuma juu yake. Ni tatu, ndogo inaitwa kenkeni, ya kati sangban, kubwa dununba. Mara nyingi ukiisikia sangban inavyozungumza unajua ngoma gani inachezwa. Weka miguu yako huko. Djembe iachie mikono na mabega na madaha. Ukiifuata djembe kwa miguu utachoka bure maana mkuu wa djembe anapamba, anazunguka, anakufuata hata wewe mchezaji, sasa wewe unamfuata yeye na yeye anakufuata wewe, nani anaendesha?


kiuno_mbao

ngozi_kavu nimesoma mara mbili. Hiyo ya 1, 3, 5 na 1, 4 nimejaribu hapa mezani, mkono wa kushoto unagoma kabisa, unataka kwenda na mwenzie kama mapacha.


ngozi_kavu

Sema kwa mdomo: "pamoja, kulia, kushoto, kulia". Pamoja ndo 1, kulia 3, kushoto 4, kulia 5. Usiwe na haraka.


mzee_wa_seben

Nawasalimu wote. Hilo la wito linafanya kazi hata nje ya djembe. Chukua rumba ya Kongo, wimbo unaanza taratibu, mtu anaimbia mapenzi yake weee, halafu magitaa yanafunguka, hapo ndo seben, na atalaku anaingia na makelele yake ya kuwatajia watu cha kucheza. Wale wa ndombolo ya miaka ya 1990 mwishoni hawakuwa wanahesabu nane. Walikuwa wanasikiliza gitaa na atalaku.

Lakini mimi nina dukuduku langu na haya madarasa, mniwie radhi. Linaitwa "ngoma za Kiafrika" kana kwamba ni ngoma moja ya kijiji kimoja. Saa moja mmeshapita Guinea, Senegali, Angola na Afrika Kusini, mnatoka mnahema mnasema nimecheza Kiafrika. Miili yake haifanani! Adumu ya Wamaasai mtu ananyooka kama mkuki na kupaa, ngoma za djembe unachimba chini. Sabar ya Wawolof wa Senegali inapigwa mkono mmoja na kijiti kimoja, mchezaji anaingia duarani anawaka sekunde chache tu, mguu juu, mkono juu, anatoka, mwingine anaingia. Haikuundwa ichezwe dakika 15 mfululizo kwenye mstari. Pantsula ya Afrika Kusini kazi iko kwenye miguu, haraka na safi. Bugobogobo ya Wasukuma watu wanacheza na majembe mkononi, ukiondoa jembe nusu ya maana imeondoka. Kuduro ya Angola, huyo Tony Amado anayetajwa kuwa ndo mwanzilishi wake miaka ya 1990 anasimulia mwenyewe kwamba alimwona Van Damme anacheza kilevi kwenye filamu akapata wazo. Sasa hiyo nayo unaiweka kapu moja na ngoma ya mavuno?

Mleta uzi labda siyo kwamba huwezi, labda kila wiki unabadilishiwa lugha.


kibwebwe

Mzee wangu shikamoo. Nakubali nusu. Majina yatajwe, mwalimu asiyeweza kusema stepu hii inatoka kwa nani na ilichezwa wakati gani na mimi simwelewi. Wetu anasema kabla ya kila kipande na anasema pia "hapa nimebadilisha mwenyewe". Inatosha kwangu.

Ila hilo la mstari na duara lisiwe kama kosa la madarasa ya siku hizi. Fodéba Keïta wa Guinea alianzisha kundi lake la ngoma la Ballets Africains huko Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Guinea ilipopata uhuru 1958 likawa kundi la taifa. Ngoma ya duara inayochezwa usiku kucha unaileta jukwaani, watazamaji wako upande mmoja, lazima uifungue duara, uifupishe, upange watu, uweke ishara za kubadilisha. Mengi tunayofundishwa yamepitia huko. Na coupé-décalé ya Ivory Coast si ilianzia Paris mwanzoni mwa miaka ya 2000, kina Douk Saga hao. Ngoma zimekuwa zikisafiri na kubadilika kabla yetu.


mzee_wa_seben

Marahaba mwanangu. Zisafiri tu, ila zibebe jina lake.


jasho_la_bure

Swali la kizushi. Video zipo kibao, bure, unarudisha nyuma, unapunguza spidi, hakuna anayekuona. Kuna haja gani ya kwenda kujaa jasho la watu ukumbini?


ngozi_kavu

Video haikusikii. Mimi nikiona mstari umechoka napunguza kidogo, nikiona dada mmoja amepata mzuka namjibu kila anachofanya, kisigino chake kikishuka kofi langu linashuka. Video itaendelea tu hata ukizimia.

Na kupunguza spidi kuna mtego. Stepu nyingi za kurusha zinategemea ile kasi yenyewe, ukiicheza nusu ya mwendo unalazimika kuubeba mguu kwa misuli wakati kwenye mwendo wake unarudi wenyewe kama mpira. Ndo maana watu wanasema "nikifanya polepole nachoka zaidi". Siyo wazimu. Punguza ili uone njia, kisha rudi haraka kwenye mwendo wake.


dokta_viungo

Nimeusoma uzi wote, mzuri. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia na hawa wachezaji wa darasa la jamii nawapata sana, kwa hiyo nitaandika kirefu mnisamehe.

Kiuno_mbao pumzi ya dakika ya 40 siyo ajabu. Ngoma hizi ni mazoezi makali kwa kipimo chochote. Kipimo rahisi ni mdomo, ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba uko kwenye wastani, ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu halafu unavuta hewa uko kwenye ukali. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali. Darasa moja lenye moto wa kweli ni sehemu kubwa ya hiyo tayari. Wewe ulikuwa mtu wa kukaa ukaruka moja kwa moja kwenye ukali, unategemea nini?

Unachoweza kufanya ni kucheza darasa zima lakini siyo kila mzunguko kwa nguvu zote. Mzunguko mmoja piga kikamilifu, unaofuata fanya miguu tu bila mikono, mwili ukae chini, upumue. Wachezaji wazuri wanafanya hivyo na hamuwaoni. Mimi nawaambia wagonjwa wangu waangalie taya, ukiona umeuma meno ujue na mabega yamepanda, nguvu inavuja pale bure. Wengi pumzi zinaisha kwa sababu wanazishika wakati wa stepu ngumu.

Sasa majeraha, hapa ndo nataka msome. Yanayokuja kwangu kwa wingi ni ugoko, kano ya kisigino na goti la mbele. Karibu yote ni hadithi moja, mtu kaanza na mara tatu kwa wiki kwa furaha, anaruka na kutua na magoti yamenyooka, na sakafu ni saruji. Ukitua kutoka juu mwili unapokea mzigo mara kadhaa ya uzito wako, mahali pa kuumaliza ni kifundo cha mguu, goti na nyonga vikikunja pamoja. Tua kimyakimya. Ukijisikia unatua "puu!" umetua vibaya. Kama sakafu ni saruji au vigae juu ya saruji msicheze peku, vaa kiatu chepesi chenye mto ambacho hakishiki sana, maana kiatu cha kukimbilia kinang'ata sakafu halafu goti ndo linazunguka badala ya mguu. Mbao yenye nafasi chini yake peku ni sawa, ila unyayo uzoeshe kidogokidogo.

Maumivu ya misuli ya kesho yake na kesho kutwa, yale ya kushuka ngazi kinyumenyume, ni ya kawaida, yanapanda kati ya saa 24 na 72 kisha yanaisha. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa ambayo ukiibonyeza kwa kidole unaruka, na yanaongezeka kila wiki, hayo siyo ya kawaida, acha kuruka ukaonwe. Mtu akisikia kifua kinabana au kizunguzungu, akae chini pale pale aseme, asione aibu.

Na kina mama, hili huwa wananinong'oneza mlangoni wakati wa kutoka: mkojo kutoroka wakati wa kuruka, hasa baada ya kujifungua. Ni jambo linalowapata wengi na lina mazoezi yake, misuli ya chini inayoshikilia kibofu inafundishika. Msiache ngoma kwa ajili hiyo na msiache kunywa maji kwa ajili hiyo, nimeona wanaojinyima maji kabla ya darasa, mnajiumiza.


kibwebwe

Dokta umetaja kitu ambacho kwenye darasa letu hakuna anayekitaja na nusu yetu tunavaa nguo nyeusi kwa sababu hiyo. Asante.


kimya_kingi

Naomba niingilie. Mimi ni mwanaume, miaka 38, ndo kidume pekee darasani kwetu ukiondoa wapigaji. Miguu naweza, mabega naweza. Ikifika kiuno naganda. Najua kichwani hakuna tatizo lakini mwili unaona aibu kabla yangu. Najifanya nakunywa maji. Chupa yangu inaisha mapema kuliko ya mtu yeyote.


mzee_wa_seben

Kijana, sindimba ya Wamakonde umeshaiona? Wanaume kwa wanawake wanakata kiuno na hakuna anayeulizwa. Ndombolo hiyohiyo, waliokuwa mbele jukwaani mara nyingi ni wanaume, tena wenye vitambi. Aibu uliyonayo imetoka kwingine, usiisingizie ngoma.


kibwebwe

Kaka kimya_kingi, fanya kitu kimoja. Usifikirie kiuno, fikiria visigino. Kunja magoti, bonyeza kisigino cha kulia chini, kisha cha kushoto, kulia, kushoto, polepole, mikono iache ining'inie. Usifanye kingine chochote kwa dakika mbili. Halafu mwambie mtu akuangalie nyonga. Zitakuwa zinatembea bila ruhusa yako. Ukiona hivyo utagundua hukuwa unaombwa kufanya kitu cha aibu, ulikuwa unaombwa uache kuzizuia.

Na hayo maji yapunguze, mwalimu anajua. Walimu wote wanajua.


bibi_hachoki

Hamjambo wanangu. Mimi nina miaka 67, nimeanza nikiwa na 63 baada ya mume kufariki, mjukuu ndo ananisaidia kupandisha hii. Siruki. Tangu siku ya kwanza sijaruka hata mara moja, wenzangu wakiruka mimi nakunja goti na kuinuka palepale, mdundo uleule, na mikono natupa kuliko wao. Mwalimu aliniambia bibi nguvu ya ngoma iko kwenye kukanyaga, anayekanyaga vizuri anaonekana ameruka. Vijana wanaruka mapema wanachoka mapema, wanakaa chini wananitazama.

Wewe wa kiuno cha mbao, unatazama miguu ya nani? Simama nyuma yangu.


jasho_la_bure

Bibi heshima yako. Naondoa kauli ya drafti.


kimya_kingi

Nimejaribu ya visigino bafuni nimefunga mlango. Nimekaa kimya dakika nzima. Sitaki kuongea zaidi.


dokta_viungo

Hahaha. Karibu kaka.


mzee_wa_seben

Wakati tunasubiri mrejesho wa mleta uzi, kwa vijana wanaotaka mbio zaidi kuna singeli ya Dar es Salaam, mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, wakati amapiano inacheza kwenye 110 na kitu. Watu wanadhani kasi ya muziki ndo ugumu. Kwenye singeli unachagua, unaweza kuucheza mwendo wote ukawaka, au ukaucheza nusu ukatulia juu yake kama mtu aliyekaa kwenye mashua. Amapiano ndo inayoumbua, ule utulivu wake unaonyesha kila kosa. Na mkitaka kuona ngoma inayowahitaji wote, isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kenya, ngoma tatu kubwa, ya kati na ndogo, na pembe la swala. UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Anayeijua vizuri aifundishe, muda ndo huu.


kiuno_mbao

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Mrejesho.

Nilifanya yote kwa mpigo, nikaharibu yote kwa mpigo, wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote 11. Nilikuwa nakunja magoti, nasikiliza sangban, nalegeza taya, naimba wito, nikajikwaa kwenye mkeka wa yule mtoto. Akapiga makofi.

Wiki hii niliacha vyote nikabaki na kimoja. Nilifika mapema nikamwomba mpigaji mkuu anipigie wito, akanitazama kama mtu aliyesalimiwa na jirani ambaye hajawahi kumsalimia, akapiga mara tatu, ya nne akanyamaza katikati akaniambia malizia. Nikamalizia kwa mdomo. Akacheka, akarudi kwenye kiti chake.

Tukapangwa. Mstari wa tatu, mimi kulia kabisa, kushoto kwangu yule mama wa mbawa za kuku. Tunakwenda. Mpigaji akaanza hodi yake na safari hii niliisikia kuanzia silabi ya kwanza, sikuruka, nikamaliza stepu niliyonayo, nikasubiri, ikanyamaza, nikageuka. Kwa wakati! Kwa wakati kabisa wakuu, mguu na ngoma vilishuka pamoja nikasikia mbao inajibu chini.

Yule mama hakugeuka. Tukagongana paji kwa paji, tukaanguka wote wawili, ngoma haikusimama.

Nundu ipo. Dokta hiyo inawekwa barafu au?


dokta_viungo

Barafu kwenye kitambaa, dakika 15, usiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Ukitapika, ukichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma nenda hospitali usisubiri. Mama mwenzio yuko salama?


kiuno_mbao

Yuko salama. Ameniuliza nilijuaje pa kugeukia, nimemwambia aje mapema wiki ijayo.